Jani Bichi, Mwezi wa Nane

Mvua ya mwisho ilituacha mwezi wa tano.
Sasa ni wa nane, na vilima vya Mabatini
vimebaki mawe, mawe juu ya mawe,
hata ukoka wa kando ya reli umegeuka rangi ya gunia.
Na mimi, fundi cherehani, mtu mzima na miwani,
naamka kabla ya adhana kutafuta majani
ya simbilisi watatu.

Si wangu. Ni wa Kabula.
Aliwaacha Januari, alipokwenda bweni Bariadi,
akaniandikia juu ya karatasi ya kukatia kola:
*Baba, wasipewe majani ya viazi mviringo.
Wasishindie makavu. Kila siku kitu kibichi,
la sivyo fizi zao zitatoa damu.*
Nilicheka. Niliwaita panya waliokatwa mikia,
nikauliza watatosha sufuria ya ukubwa gani.
Lakini hiyo ilikuwa Januari,
majani yalikuwa bure mpaka mitaroni.

Leo, Mlango Mmoja, fungu la mchicha ni mia tano,
na fungu lenyewe vijiti vimezidi majani;
Nyanzobe amelinyunyizia maji ili lione aibu, lisimame.
"Umeoa tena, fundi? Kila siku mboga, kila siku mboga."
Nina wageni, nasema.
"Wangapi?"
Watatu.
"Hawaondoki?"
Hawana nauli.
Anacheka, ananisukumia kwa mguu boksi la mabaki:
majani ya karoti, maganda ya hindi bichi,
kabichi ya nje, ile iliyotobolewa na viwavi.
Siku hiyo nilipanda kilima kama mtu aliyeokota pochi.

Siku nyingine boksi limeshachukuliwa na mwenye mbuzi.
Basi nikashuka ziwani, upande wa Mkuyuni,
nikijiambia, maji yote yale hayawezi kukosa jani.
Ziwa lilikwenda mpaka pale macho yanapochoka.
Ukingoni, gugu maji, kijani cha kudanganyia,
na ukoka mzuri, laini, palepale wanapooshea malori.
Niliung'oa, nikaunusa. Dizeli.
Nikautupa. Kabula angeuliza.
Ziwa lote lile, nami narudi mikono mitupu
kama mtu aliyenyimwa chumvi Uvinza.

Wao husikia komeo kabla sijaligusa.
Wiii, wiii, wiii!
Kifungo, Zipu, na yule mweusi, Bi Kengeza,
wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameshika waya,
hawajui bei, hawajui mwezi.
Na mimi sijui neno *kesho* kwa lugha yao.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Nyuma ya nyumba ya Mama Milembe bomba linavuja,
tone, halafu unasahau, halafu tone.
Mwezi wa saba niliweka pale beseni lililopasuka,
nikalijaza udongo, nikachomeka vikonyo vya matembele,
na maji ya kuoshea mchele nayapeleka usiku, kama mwizi.
Kila jioni nakata majani tisa,
kwa mkasi wa suti, ule nisiomwazima mtu,
matatu, matatu, matatu.
Bi Kengeza humaliza kwanza, akatazama ya wenzake.

Jumapili, simu ya matroni:
"Wamekula?"
Wamekula.
"Nini?"
Matembele.
"Mabichi?"
Mabichi.
Kimya. Salio la mtu mwingine linaendelea kukatika.
"Na wewe, baba?"

Natazama jikoni. Sufuria ina nsansa,
majani ya kunde ya mwaka juzi,
mama yake aliyaanika juu ya jiwe hilihili la uani,
akayafunga kwenye kitambaa, fundo lake nalijua.
Nimelifungua leo.
Yanachemka polepole,
yanajaribu kukumbuka rangi yao.

Na mimi nimekula, namwambia.